Ufukweni au kilimani: njia ipi ni nyepesi kweli?

Watu wengi wakisema wanataka matembezi mepesi wanamaanisha mafupi, au wanamaanisha tambarare, na hapo ndo shida inapoanza maana kwenye pwani yenye vilima karibu kitu kifupi na tambarare kinaweza kukuchosha kuliko kilima, na kilima kidogo ulichokipanda bila hata kuhema kinaweza kukufanya kesho yake ushike ukuta ukishuka ngazi. Mi nimetembea njia zote hizi na watu wa kila aina, shangazi yangu ambaye magoti yanamsumbua, watoto wa dada, marafiki ambao hawakuwa wamezoea kutembea hata kidogo, na swali ninalouliza siku hizi kabla ya kumpeleka mtu sio njia ina kilomita ngapi. Nauliza kitu gani kitamsumbua wakati wa kurudi. Ufukweni mara nyingi ni maji, kilimani mara nyingi ni magoti, na ukishajua huyo unayetembea naye anaweza kuhimili kipi, kuchagua sio kazi tena.

Nianze na mchanga maana watu wanaudharau sana. Ule mchanga mkavu wa juu, laini, unaopendeza kwenye picha, ni mzigo. Kila ukikanyaga mguu unazama, nguvu uliyotaka ikusukume mbele inaishia kusukuma mchanga nyuma, kisigino kinashuka chini kuliko vidole, na misuli ya mashavu ya miguu inavutika kila hatua. Kuna utafiti wa 1998 uliopima watu wakitembea kwenye mchanga mkavu, ukakuta mtu anatumia nguvu mara 2.1 mpaka 2.7 ya ile anayotumia kwenye sehemu ngumu kwa mwendo uleule. Yaani kilomita 3 za mchanga laini mwili unazihesabu kama 6 mpaka 8, na we kichwani umejiambia ni 3 tu, tena umemwahidi mtu mzima kwamba ni "hapo tu, tambarare mpaka mwisho".

Lakini shuka kidogo karibu na maji, kwenye ule ukanda wa mchanga mbichi ambao bahari imeuachia muda si mrefu, mambo yanabadilika kabisa. Inama uangalie mguu wako ukikanyaga. Mchanga unaozunguka unyayo unabadilika rangi ghafla, unakuwa mweupe kama umekauka, afu ukinyanyua mguu unalowa tena na kidimbwi kidogo kinabaki kwenye alama. Wengi wanadhani wameyakamua maji, kumbe ni kinyume: punje zilikuwa zimebanana, uzito wako unazilazimisha ziachane kidogo, nafasi kati yake zinaongezeka na maji ya juu yananyonywa kwenda chini kuzijaza. Mwanasayansi wa Uingereza Osborne Reynolds aliliandikia jambo hili mwaka 1885. Kwa mtembeaji kazi yake ni hii, ukiona hilo duara jeupe ujue mchanga hapo umeshikana, tembea hapohapo. Ukiona mguu unadidimia tu bila duara, sogea juu au chini mpaka ulipate. Shangazi yangu nilimwonyesha mara moja tu, na sasa akishuka ufukweni anatembea macho chini akitafuta duara lake, na kwa njia hiyo anaenda saa nzima bila kulalamika goti.

Tatizo ni kwamba ukanda huo haupo siku nzima. Maji yakijaa unafunikwa wote, unabaki na mchanga laini wa juu au unabaki na mawe, kwa hiyo njia ileile ambayo asubuhi ilikuwa kama barabara, alasiri ni adhabu. Kwenye pwani nyingi duniani maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kutoka kujaa mpaka kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, ndo maana kila siku muda unasogea mbele karibu dakika 50. Usije ukasema "juzi saa nne maji yalikuwa mbali" ukadhani leo saa nne ni vilevile. Kuna pwani chache, kama sehemu za Ghuba ya Mexico, zinapata kujaa na kupwa mara moja tu kwa siku, na kiasi cha maji nacho kinatofautiana mno: Ghuba ya Fundy kule Kanada maji yanaweza kupanda mpaka karibu mita 16, wakati sehemu nyingi za Mediterania ni sentimita kadhaa tu, mtu anatembea pale wala hafikirii bahari ina ratiba. Kwa hiyo ukisoma ushauri wa mtu kuhusu ufukwe, angalia kwanza anaongelea bahari ipi.

Na kuna bamvua. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku moja mbili baada ya hapo, maji yanajaa sana na yanapwa sana. Siku za katikati ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji juu sana. Kwa matembezi bamvua ina pande mbili, maji yakipwa unapata uwanja mpana ajabu wa mchanga mgumu, raha tupu, lakini yakirudi yanarudi na haraka. Hesabu ambayo watu wa baharini wanaitumia ni ya kugawa kwa kumi na mbili: chukua tofauti yote kati ya maji kupwa na maji kujaa, saa ya kwanza yanapanda sehemu 1 kati ya 12, saa ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Ukiwa na tofauti ya mita 4 ina maana saa ya kwanza ni sentimita 33 tu, unaangalia unasema aa bado sana, halafu saa ya tatu peke yake ni mita nzima, na ya nne mita nyingine. Ni makadirio tu lakini yanatosha kukutia adabu.

Hilo la saa ya tatu mi nimelipata kwa mwili wangu. Tulizunguka rasi ya mawe, mimi na watoto wawili wa dada, maji yakiwa yamepwa kabisa, tukakaa upande wa pili tukiangalia kaa kwenye vidimbwi vya miambani, watoto wamefurahi na mi nimefurahi kwa kuwa wao wamefurahi, nikageuka mara moja nikaona maji yako mbali nikatulia. Nilipogeuka tena, pale kwenye pua ya rasi tulipopita kwa miguu mikavu kulikuwa na mawimbi. Yalinifika mapajani. Mdogo nilimbeba mabegani, mkubwa nikamwambia shika mkanda wangu usiachie hata iweje, na chini ni mawe yenye utelezi wa kijani, kila hatua natafuta kwa kidole cha mguu kabla sijaweka uzito. Tulivuka salama, ilikuwa kama mita 30 hivi, lakini mikono ya yule mkubwa ilikuwa inatetemeka tulipofika na yangu pia. Tangu hapo sipiti rasi yoyote bila kuangalia saa, na nahakikisha nimesharudi upande wa nyumbani kabla maji hayajaanza kujaa, sio baada. Jedwali la maji kupwa na kujaa lipo kwenye simu kwa bandari nyingi tu, kuliangalia hakufiki hata dakika.

Kitu kingine cha ufukweni ambacho hakisemwi ni mlalo. Ufukwe sio tambarare, umeinama kuelekea baharini, kwa hiyo mguu mmoja unakuwa chini ya mwingine muda wote. Dakika kumi huhisi, saa moja nyonga inaanza kuuma upande mmoja. Ndo maana mi napendelea njia ya kwenda na kurudi palepale kuliko ile ya kupelekwa na gari ukaishukia mwisho, maana ukirudi miguu inabadilishana. Fukwe zenye mchanga wa punje ndogo huwa zimelala zaidi, zile za changarawe na punje kubwa huwa zimeinuka kama paa, na kwa mtu wa nyonga au mgongo hiyo tofauti ni kubwa kuliko ya kilomita.

Haya, tupande kilimani.

Kilima kina heshima moja, hakidanganyi wakati wa kwenda. Unakiona, unahema, unajua umefanya kazi. Na kinahesabika. Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni ambayo bado inatumika mpaka leo: saa 1 kwa kila kilomita 5, afu ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hiyo njia ya kilomita 4 inayopanda mita 200 ni dakika 48 jumlisha 20, saa 1 na dakika 8. Hiyo ni ya mtu mzima mwenye afya asiyesimama. Ukiwa na mtoto au mzee, mi naongeza nusu yake, ukiwa na anayepiga picha kila maua ongeza tena. Mchanga hauna kanuni nyepesi namna hii maana unabadilika kila hatua kumi, kilima ni kilekile leo na kesho isipokuwa mvua inyeshe.

Ila kushuka jamani. Watu wanauliza kilima kina urefu gani, hawaulizi kinashukaje. Kwa pumzi kushuka ni raha, kwenye mteremko mpole wa kama asilimia 10 mwili unatumia nguvu kidogo hata kuliko kwenye tambarare. Lakini misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki, inavutwa huku inajikaza, na kazi ya namna hiyo ndo inayoleta maumivu ambayo huyasikii siku hiyo, yanakuja kesho na keshokutwa. Nilimpeleka shangazi kilima kimoja kidogo, hakikufika mita 150, alipanda vizuri kabisa na fimbo yake, juu akakaa kwenye jiwe akiangalia bahari kwa muda mrefu bila kusema kitu, alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwake siku nyingi. Kushuka tukakuta sehemu ya udongo mgumu wenye changarawe ndogondogo juu yake, zinabingirika chini ya soli kama gololi. Akasimama. Akaniambia, "Mwanangu, kupanda sio shida yangu, shida yangu ni hii." Tulishuka hapo kwa upande, kiatu kimelala kukatisha mteremko, hatua fupifupi, mimi mbele yake na bega langu kwenye mkono wake, mita kama 40 zikachukua robo saa. Goti lilivimba siku mbili.

Kwa hiyo kilimani angalia mambo mawili kwenye ramani. Moja, mistari ya mwinuko, ikibanana ni mwinamo mkali, ikiachana ni mpole, na kilima kimoja mara nyingi kina upande wa kupandia na upande mwingine mrefu mpole wa kushukia, panda kule kwenye ukali ushukie kwenye upole hata kama unaongeza kilomita. Mbili, uliza njia ina nini chini: nyasi fupi na udongo mkavu ni sawa, ngazi za mawe zisizolingana ni adui wa magoti, changarawe juu ya udongo mgumu ni hatari, na udongo wa mfinyanzi ukinyeshewa usiende kabisa.

Kuhusu joto watu wanadanganyana sana, wanasema panda kilimani kuna baridi. Joto linapungua kama nyuzi 0.65 za Selsiasi kwa kila mita 100, kwa hiyo kilima cha mita 300 kinakupunguzia nyuzi 2 hivi basi. Kinachokupoza kule sio urefu, ni miti na upepo. Kilima chenye msitu mchana ni raha, kilima kipara chenye majani makavu mchana ni tanuri kuliko ufukweni. Ufukweni nako kuna upepo wa bahari, nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu yake inapanda na ya baharini inakuja kujaza nafasi, kwa kawaida kuanzia asubuhi ya jua kali mpaka jioni. Huo upepo ni mzuri lakini unakausha jasho kabla hujalihisi, unaungua huku unajisikia vizuri. Na jua linakupata mara mbili, kutoka juu na kutoka chini, mchanga mkavu unarudisha kama asilimia 15 ya ile mionzi inayounguza ngozi na povu la mawimbi kama 25. Kofia peke yake haitoshi, paka losheni mpaka chini ya kidevu, na maji beba kama nusu lita kwa saa hata kama huna kiu.

Kupotea: hapa ufukwe unashinda wala hakuna mjadala. Bahari kushoto ukienda, bahari kulia ukirudi, hata mtoto wa miaka sita anaelewa. Vilima vya karibu na bahari vina tabia ya ukungu, hewa yenye unyevu inasukumwa juu na mwinuko, inapoa, inageuka wingu palepale ulipo, na unaweza kuwa na jua safi ufukweni huku juu huoni hatua ishirini. Njia za mifugo zinachanganyika na njia za watu na ukungu ukishuka zote zinafanana. Pakua ramani kabla ya kutoka maana netiweki nyuma ya kilima mara nyingi haishiki, na ukiona wingu limekaa kileleni tangu asubuhi, siku hiyo nenda ufukweni. Radi ikiwa karibu usiende popote kati ya hivyo viwili, kilele na ufukwe wazi vyote ni vibaya, ukiona mwanga na ngurumo ikafika kabla ya sekunde 30 ondoka uingie ndani ya nyumba au gari lililofungwa, ukae mpaka ipite nusu saa tangu ngurumo ya mwisho.

Halafu kuna njia ya tatu ambayo wengi wanaisahau, ile inayopita juu ya majabali sambamba na bahari, sio mchanga na sio kilele. Ukiniuliza kwa mtu ambaye hajawahi kutembea kabisa, hii ndo ninayompeleka kwanza kama ipo. Chini ni pagumu, maji hayakufikii, mandhari unayo yote, na ukichoka unageuza tu. Shida yake ni mbili. Inapanda na kushuka kila inapokutana na kijito, mara kumi za mita 15 ni mita 150 zilezile za kilima ingawa kwenye karatasi inaonekana tambarare, kwa hiyo tafuta jumla ya kupanda, sio urefu wa sehemu ya juu kabisa. Na ukingo wake, usiusogelee hata kwa picha, bahari inakula chini kwa chini na unaweza kuwa umesimama kwenye nyasi ambazo chini yake hakuna kitu. Kwa sababu hiyohiyo ukitembea ufukweni usikae chini ya jabali, hasa baada ya mvua kubwa. Mvua hiyohiyo ya kilimani pia inajaza vijito vinavyokata ufukwe, ule mlango wa mto uliovuka kwa kifundo cha mguu wiki iliyopita unaweza kuwa wa kiunoni leo.

Sasa nani aende wapi. Mwenye magoti mabovu, ufukweni kwenye mchanga mbichi maji yakiwa yanapwa, au njia ya juu ya jabali yenye miinuko michache, kilima mwachie siku ambayo kuna njia ya gari ya kumshusha. Mwenye shida ya kifundo cha mguu au kano ya kisigino ni kinyume, mchanga unamuumiza, mpeleke kilima kipole chenye njia ngumu. Watoto wadogo ufukweni, ila muda upangwe na maji, wao wakianza kucheza hawaondoki. Kigari cha mtoto au cha mgonjwa, sahau vyote viwili, tafuta njia ya lami au ya mbao iliyo kando ya bahari, hata kama ni ya mita 800, atafurahi vilevile. Mwenye moyo au pumzi anayetakiwa kufanya mazoezi kidogokidogo, na daktari wake kamruhusu, ufukwe mgumu unamfaa maana anaweza kugeuza dakika yoyote, kilimani akiishiwa nguvu juu bado ana safari nzima ya kushuka. Mtu mwenye afya ambaye hana muda ila anataka kutoka jasho, kilima, kupanda kunamfanyisha kazi kubwa kwa muda mfupi kuliko ufukwe mgumu.

Na kama vyote viko karibu na una siku nzima, vichanganye, lakini kwa mpangilio. Kilima kwanza, asubuhi na mapema, kabla wingu halijakaa na wakati magoti bado mapya, afu ushukie baharini umalizie kwenye mchanga mgumu ambao unalegeza miguu baada ya ule mteremko. Ukianza na ufukwe unapanda na miguu iliyokwishachoka na unashuka nayo jioni ikitetemeka. Mpango huu unafanya kazi tu siku ambazo maji yanapwa karibu na mchana, kwa hiyo unaangalia jedwali kwanza ndo unachagua tarehe. Jumamosi inayokuja kwetu yanapwa kabisa saa sita kasoro. Tunaanza kupanda saa moja, saa nne tuko chini, na shangazi atakuwa anatusubiri pale mchanga unapoanza, na fimbo yake.